Kuteguka, Kuchanika na Kurudi Uwanjani: Mwongozo kwa Wachezaji wa Mchangani wa Tanga

Jumamosi moja, kwenye uwanja wa mchanga ulio upande wa Sahare, winga wetu wa kulia aliruka kuwania mpira wa juu, akatua juu ya njumu ya mwenzake, na unyayo wake ukageukia ndani. Kabla hajatolewa uwanjani, ushauri ulikuwa umekwisha kumfikia kutoka pande tatu. Mmoja alitaka mguu uvutwe papo hapo. Wa pili alikuwa ameshafungua kichupa cha dawa ya kuchua. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiuza maandazi kando ya uwanja, alisema kwa huruma ya kweli: "Wanangu, mpelekeni nyumbani akakandwe na maji ya moto kabla damu haijavilia." Hakuna aliyemtakia kijana yule mabaya. Hata hivyo, kila moja ya tiba hizo ingemwongezea uvimbe, na kama mfupa ungekuwa umevunjika, kuvutwa mguu kungeweza kumletea ulemavu.

Nimebeba mfuko wa huduma ya kwanza wa timu ya mtaa kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mchezaji niliyekandwa na kuchuliwa kwa namna hiyohiyo, mpaka leo kifundo changu cha kushoto hukaza asubuhi wakati wa masika. Niliyojifunza ni haya: mara nyingi mguu hauharibiwi na ajali yenyewe kama unavyoharibiwa na saa ya kwanza na wiki ya tatu. Katika saa ya kwanza tunaupasha moto na kuusugua wakati ambapo ungepaswa kutulizwa. Katika wiki ya tatu maumivu yameondoka, tunadhani umepona, tunaurudisha uwanjani kabla haujafundishwa upya kazi yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya nyakati hizo mbili, nao unahusu zaidi soka, kwa kuwa katika mji ambao Coastal Union iliuletea ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, soka ndiyo inayotuumiza wengi.

Kwanza, jua kama ni mfupa

Kifundo cha mguu, ambacho wachezaji wengi hukiita enka, ndicho kiungo kinachoteguka mara nyingi zaidi. Unyayo unapogeukia ndani, kano zinazoshikilia upande wa nje wa kifundo huvutika kupita uwezo wake, zikachanika kidogo, nusu au kabisa. Tatizo ni kwamba kuteguka vibaya na kuvunjika hufanana kwa macho: vyote viwili huvimba, vyote viwili huleta weusi wa damu iliyovilia, na vyote viwili humliza mtu mzima. Kwa hiyo usihukumu kwa ukubwa wa uvimbe.

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa utaratibu wa kupima kwa kidole ambao hadi leo hutumika duniani kote kuamua nani apelekwe kupigwa eksirei, na hakuna sababu ya kocha wa mchangani kutoujua. Mwombe majeruhi apige hatua 4, hata kama ni kwa kuchechemea. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, kuanzia ncha yake ya chini na kupanda juu sentimita 6, upande wa nje na upande wa ndani. Sentimita 6 ni kama upana wa vidole vitatu na nusu vya mtu mzima. Bonyeza pia mfupa unaotokeza ubavuni mwa unyayo, katikati ya kisigino na kidole kidogo, na mfupa ulio juu ya tao la mguu upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Iwapo mfupa wenyewe unauma katika mojawapo ya sehemu hizo, au iwapo hawezi kupiga hatua 4, apelekwe kupigwa picha. Iwapo maumivu yako kwenye nyama laini iliyo mbele na chini ya kifundo tu, na anaweza kutembea japo kwa shida, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kipimo hiki hakifai kwa watoto wadogo, kwa mtu aliyelewa, wala kwa mtu ambaye miguu yake ina ganzi, kwa mfano kwa sababu ya kisukari.

Yapo mambo ambayo hayahitaji kipimo chochote. Mguu uliopinda isivyo kawaida, mfupa uliotoboa ngozi, bega lililochomoka, na vidole vilivyokuwa baridi au vyenye ganzi chini ya jeraha ni safari ya hospitali mara moja. Kwa mjini Tanga huko ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo au kituo kingine chenye eksirei. Kifunge kiungo katika hali ulivyokikuta, kwa kutumia kipande cha mbao au hata gazeti zito lililokunjwa na kanga mbili, wala usijaribu kukinyoosha. Bega lililochomoka huvutia sana watu wenye nguvu na nia njema, lakini kulivuta bila utaalamu kunaweza kuchana mishipa ya fahamu inayopita kwapani, na mkono ukabaki umelegea kwa miezi.

Sina budi kusema neno kuhusu waganga wa mifupa, kwa sababu wengi wetu tumelelewa katika nyumba zinazowaamini, na wapo ambao mikono yao ina uzoefu mkubwa. Hatari haiko katika nia yao. Iko katika vijiti vinavyofungwa kwa nguvu juu ya mguu ambao bado unaendelea kuvimba. Mguu ukivimba ndani ya kifungo kisichotanuka, damu hushindwa kupita, na baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa. Dalili zake ni maumivu makali yanayozidi kila dakika na yasiyolingana na jeraha, vidole kupauka au kuwa baridi, ganzi, na kushindwa kuvichezesha. Hali hiyo inaweza kutokea hata kwa mtu aliyefungwa hogo hospitalini. Yeyote aliyefunga, kifungo hicho kilegezwe upesi na mgonjwa arudishwe kwa daktari usiku huohuo, bila kusubiri asubuhi.

Saa 48 za mwanzo

Turudi kwa kijana wa Sahare. Alipiga hatua 4 akiwa ameuma meno, mifupa haikuuma, kwa hiyo tukajua tunashughulika na kano. Barafu haikuwapo kwenye mfuko wetu, ila nyumba ya pili kutoka uwanjani walikuwa wanauza barafu za ubuyu. Tulinunua nne, tukazipondaponda ndani ya mifuko yake, tukazizungushia kanga iliyoloweshwa maji, tukaiweka juu ya kifundo kwa dakika 15. Maji mekundu ya ubuyu yalichuruzika hadi kwenye soksi, mtoto mmoja akapiga kelele kwamba ni damu, lakini kifundo kilipoa na sura ya kijana ikaanza kutulia.

Huo ndio mpango wenyewe. Barafu iwekwe kwa dakika 10 hadi 20, irudiwe kila baada ya saa mbili au tatu kwa siku ya kwanza na ya pili mgonjwa akiwa macho, na isigusane kamwe na ngozi moja kwa moja, kwa sababu barafu nayo huunguza. Kazi yake kubwa ni kupunguza maumivu. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani ambaye mwaka 1978 aliieneza fomula ya kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua, mwaka 2014 aliandika mwenyewe kwamba barafu nyingi na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wa awali ni sehemu ya kazi ya mwili kujikarabati. Namheshimu kwa kukubali kubadilika baada ya zaidi ya miaka 30. Kwetu maana yake ni nyepesi: weka barafu ili maumivu yapungue, kisha acha, usikae nayo mchana kutwa ukidhani ndiyo inayoponya.

Kubana na kuinua vina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole ukipanda kuelekea kwenye kigimbi, iwe imebana zaidi chini na kulegea kidogo juu, na kila baada ya muda minya ukucha wa kidole gumba: ukipauka kisha rangi ikarudi ndani ya sekunde mbili, umefunga vizuri. Usiku ivue au ilegeze. Alalapo, mguu uwekewe mito miwili ili uwe juu kuliko moyo. Siku ya kwanza na ya pili atembee kidogo tu, kwa magongo ikibidi, lakini asilale kitandani wiki nzima.

Sasa maji ya moto. Kano inapochanika, mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake huchanika pia, na damu ile inayovuja ndiyo inayovilia. Joto hutanua mishipa, damu ikavuja zaidi. Kuchua kwa nguvu nako huvunja utando mwembamba wa damu iliyoganda ambao mwili umeanza kuutumia kuziba ufa. Kwa hiyo, katika saa 48 hadi 72 za mwanzo hakuna maji ya moto, hakuna kuchua, hakuna dawa inayowasha na kuleta joto, wala hakuna pombe. Baada ya siku hizo, uvimbe ukiwa umeacha kuongezeka, maji ya uvuguvugu na mkono mwepesi wa kukanda vinaweza kumpa mtu nafuu ya ukakamavu. Ushauri wa mama muuza maandazi haukuwa uongo. Ulikuja mapema mno.

Kuhusu dawa za maumivu, parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza: vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mtu mzima, kwa kupishana kwa saa 6, wala visizidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huzinunua kwenye duka la dawa bila hata kuulizwa swali, hazifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, au mwenye pumu inayochochewa nazo, na si salama kuzimeza mwili ukiwa umekaukiwa maji baada ya mechi ya jua kali. Nalikataza kabisa jambo moja linalofanywa kwenye ndondo zenye zawadi kubwa, yaani kumeza vidonge au kuchomwa sindano ya kuondoa maumivu ili mtu amalizie kipindi cha pili. Maumivu ndiyo mlinzi pekee aliyebaki kwenye kiungo kilichochanika. Ukimlaza usingizi, kiungo kinabaki bila mwenyewe.

Kuufundisha mguu upya

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na ndipo ninapotaka kukaa muda mrefu zaidi.

Ndani ya kano za kifundo mna vipokezi vidogo vya neva vinavyouambia ubongo unyayo umekaaje, kila sekunde, hata gizani. Kano ikichanika, navyo hudhurika. Kidonda hufunga, maumivu huondoka, lakini taarifa zinazofika kwenye ubongo huwa zimechelewa na hazina uhakika. Mchezaji anahisi amepona, anakanyaga shimo dogo la mchanga, ubongo unachelewa kidogo tu kukaza misuli, na mguu unageuka tena palepale. Tunasema ana mguu mbovu, au amerogwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeufundisha mguu wake upya.

Mafunzo huanza mapema, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, akiwa ameketi. Aandike herufi zote za alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, asubuhi, mchana na jioni. Maumivu kidogo yanavumilika. Yakizidi 3 kwa kipimo cha 0 hadi 10, au uvimbe ukiwa mkubwa zaidi kesho yake asubuhi, amefanya kupita kiasi na apunguze.

Akishaweza kutembea bila kuchechemea, aanze kujenga nguvu. Vifaa vyetu vinapatikana kwa fundi baiskeli yeyote wa Ngamiani. Omba tyubu kuukuu ambayo haizibiki tena, ikate kwa urefu upate ukanda wa upana wa vidole viwili, funga ncha zake kwenye mguu wa meza, pitisha unyayo ndani ya kitanzi, kisha vuta unyayo kuelekea nje taratibu kwa kuhesabu hadi tatu, na urudishe taratibu vilevile. Mara 15, pumzika, rudia, mafungu matatu. Halafu geuza upande, uvute kuelekea ndani, na mwisho uvute juu. Mwendo wa kuelekea nje ndio muhimu kuliko yote, kwa sababu misuli inayoufanya ndiyo itakayouzuia unyayo usigeukie ndani siku nyingine. Ongezea kusimama kwa vidole: kwa miguu yote miwili kwanza, kisha kwa mguu mmoja, mpaka aweze mara 20 mfululizo bila kushika ukuta.

Baiskeli yenyewe, ambayo Tanga hatuihitaji kuitafuta mbali, ni tiba nzuri ya kati. Mguu unazunguka bila kubeba uzito wote wa mwili, kiungo kinalainika, na pumzi haipotei. Dakika 20 kwenye barabara tambarare, kiti kikiwa juu kiasi cha goti kubaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini, zinatosha kuanzia. Bahari nayo ipo. Maji yakifika kiunoni huondoa karibu nusu ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu ambaye bado hawezi kukimbia nchi kavu anaweza kutembea na hata kukimbia polepole ndani ya maji pale Raskazone, ilimradi avae viatu, kwa sababu chaza hukata, na achague wakati maji yametulia.

Kisha kuna mizani, zoezi dogo ambalo hudharauliwa kuliko yote. Simama kwa mguu ulioumia kwa sekunde 30. Ukiweza, fumba macho. Ukiweza hilo, simama juu ya mto au kwenye mchanga laini, na mwenzako akurushie mpira uudake. Fanya wakati unapiga mswaki, fanya ukisubiri zamu bombani. Dakika 5 kila siku kwa wiki 8 au zaidi, hata baada ya kurudi kucheza, kwani mazoezi ya mizani yamethibitika kupunguza kuteguka kwa mara ya pili. Kijana wa Sahare aliyafanya kibarazani kwao kila jioni, dada zake wakimhesabia sekunde kwa sauti na kuanza upya kila alipogusa chini.

Kwa makadirio, kuteguka kwepesi huhitaji wiki moja hadi mbili, kuteguka kwa kiwango cha kati wiki 3 hadi 6, na kano iliyokatika kabisa huweza kuhitaji miezi mitatu. Lakini kalenda isikuamulie peke yake. Kabla ya kurudi, mchezaji aruke mbele kwa mguu ulioumia peke yake kadiri awezavyo, tupime kwa hatua au kamba, kisha aruke kwa mguu mzima. Mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Akimbie kwa kasi yote, akate kona kushoto na kulia, asimame ghafla, arudi kinyumenyume. Akiweza hayo bila maumivu na bila woga usoni, aanze mazoezi kamili na timu, na mechi ifuate baada ya wiki ya mazoezi hayo. Kifundo kifungwe kwa bandeji au kinga maalumu katika mechi kwa miezi kadhaa.

Nyama za paja

Mshambuliaji anakimbia kwa kasi, ghafla anashika nyuma ya paja kana kwamba amepigwa jiwe. Hizo ni nyama za nyuma ya paja zimechanika, na kati ya majeraha yote ya soka hakuna linalorudi kwa ukaidi kama hili. Aliyeumia mara moja yuko kwenye hatari kubwa kuliko ambaye hajawahi. Siku za mwanzo ni zilezile: barafu, kubana, kutulia, bila kunyoosha. Wengi hukosea kwa kuanza kunyoosha paja kwa nguvu siku ya pili ili kuondoa kubana, wakavuta ufa ukawa mpana zaidi.

Akishatembea bila maumivu, aanze kuinua nyonga akiwa amelala chali na magoti yamekunjwa, kwa miguu miwili kisha mmoja. Baadaye lifuate zoezi ambalo natamani kila timu ya mchangani ilifanye hata kwa wazima: mchezaji anapiga magoti kwenye kitu laini, mwenzake anamshikilia vifundo, naye anajilaza mbele polepole kadiri awezavyo, mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, mpaka nguvu ziishe ajidake kwa mikono. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba timu zinazolifanya mara kwa mara hupunguza majeraha ya nyama hizo kwa karibu nusu. Anza na mara 5, mara mbili kwa wiki, na utarajie misuli kuuma siku ya kwanza. Kasi iwe ya mwisho kurudi: wiki hii nusu ya kasi, ijayo robo tatu, na kasi yote ikifika basi ifanyike mazoezini mara kadhaa kabla ya mechi.

Paja la mbele huumia kwa njia nyingine, yaani goti la mpinzani likikugonga katikati ya msuli. Kunja goti kadiri linavyoweza bila maumivu makali na uweke barafu likiwa limekunjwa hivyo, ili msuli usije ukakaza ukiwa mfupi. Jeraha hili lisichuliwe kwa namna yoyote katika siku za mwanzo. Damu iliyojaa ndani ya msuli ikisuguliwa, mwili unaweza kujenga mfupa mahali ambapo panapaswa kuwa na nyama, na paja likabaki na donge gumu linalouma kwa miezi.

Kukaza kwa misuli, hasa kigimbi, si jeraha. Nyoosha msuli taratibu, mpe maji au dafu, na umpumzishe. Katika mwezi wa Ramadhani mazoezi yasogezwe karibu na magharibi au baada ya futari, na maji yanywewe kidogokidogo hadi daku.

Goti, kisigino na kichwa

Goti lililosikika likilia "ko!" wakati mtu anageuka, kisha likavimba sana ndani ya saa chache, linatiliwa shaka ya kukatika kwa kano ya ndani ya goti. Hilo halitibiwi mtaani. Lipimwe na daktari wa mifupa, na wengine hupewa rufaa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Si kila mmoja atahitaji upasuaji, lakini aliyepasuliwa asirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9, hata kama anajiona mzima. Goti linalokwama na kukataa kunyooka nalo ni la daktari.

Anayehisi amepigwa teke kisiginoni na akigeuka nyuma hamwoni mtu, mlaze kifudifudi unyayo ukining'inia, kisha minya kigimbi. Unyayo usiposogea hata kidogo, kano ya kisigino imekatika, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Kichwa nimekiweka mwishoni, lakini ndicho ninachokiogopa kuliko vyote, kwa kuwa mchezaji aliyegongwa kichwa husimama, hujifuta vumbi, na wote wakampigia makofi. Mwulize tunacheza na nani, tuko kipindi gani, nani amefunga goli la mwisho. Akikosea, akiyumba, akiwa na kichefuchefu, akisema mwanga unamsumbua au akiwa mzito wa kujibu, ametoka, na harudi siku hiyo hata kama fainali imebaki dakika 10. Asiachwe peke yake usiku ule wala asiendeshe pikipiki. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akisinzia isivyo kawaida, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, kichwa kikizidi kuuma au upande mmoja wa mwili ukilegea, ni dharura. Wengine wote wapumzike siku moja au mbili, kisha warudi kwa hatua: kutembea, kukimbia polepole, mazoezi bila kugusana, mazoezi kamili, mechi, kila hatua ikichukua angalau saa 24, na dalili ikirejea wanashuka hatua moja. Aliyeanguka akalalamika shingo inauma au mikono ina ganzi asiinuliwe na yeyote. Shikilia kichwa chake kisitikisike mpaka msaada ufike.

Kwa watoto, kumbuka kwamba mifupa yao ina sehemu laini za kukua ambazo ni dhaifu kuliko kano, kwa hiyo pigo linalomtegua mkubwa linaweza kumvunja mtoto. Mtoto anayechechemea kwa zaidi ya siku mbili apelekwe kwa daktari.

Mfuko wa timu

Mfuko wetu una bandeji tatu za kuvutika, kanga mbili kuukuu zilizofuliwa, mkasi, glavu, sabuni ya kipande, chupa mbili za maji safi kwa ajili ya kuosha michubuko, chachi na plasta. Mchubuko wenye mchanga huoshwa mpaka mchanga wote utoke, hata kama mchezaji analalamika, na anayeshindwa kukumbuka mara ya mwisho alipochanjwa pepopunda hupelekwa kituo cha afya. Chupa ya chai ya zamani tunaijaza barafu asubuhi ya mechi. Tangu siku ile ya Sahare hatujategemea tena ubuyu. Ndani ya mfuniko wa mfuko nimeandika kwa kalamu nzito namba za madereva wawili wa bajaji wanaoishi karibu na uwanja, na kila Ijumaa jioni huwapigia wote wawili kuwauliza kama kesho watakuwapo.